Kuchagua rangi ya mlango wa mbele: mwongozo kamili, kuanzia mwanga hadi mkono wa mwisho

Swali linaloulizwa kwanza huwa "buluu au kijani?" Hilo lingefaa kuja la pili. La kwanza ni mlango uwe wa giza kiasi gani. Giza la rangi ndilo linaloamua mlango utapata joto kiasi gani ukipigwa na jua, utaonekana kutoka getini au utamezwa na ukuta, na utaonyesha vumbi au alama za vidole. Ukishapatia hapo, mara nyingi buluu na kijani vyote viwili vitakubali. Ukikosea hapo, hata buluu nzuri namna gani haitakusaidia.

Kama nyumba ni ya kupanga, iko kwenye majengo yenye kamati ya wakazi, au ni jengo linalolindwa kama urithi wa kale, ulizia masharti kwanza. Kama mlango ni wa plastiki au faibaglasi, soma pia hati ya dhamana: watengenezaji wengi hukataza rangi za giza, na ukizipaka dhamana inakufa.

Vitu ambavyo hutavibadilisha

Kabla ya kufungua kadi ya rangi, simama pale mtu anapoanza kuuona mlango. Angalia vyote vinavyoingia machoni pamoja nao: paa, ukuta, fremu za madirisha, vigae vya barazani, ngazi, grili, taa ya nje. Hivyo vitabaki, kwa hiyo mlango ndio utakaovifuata.

Kazi ngumu hapa ni kujua rangi halisi ya ukuta, kwa sababu jicho huzoea na kuuita "mweupe" au "kijivu" tu. Chukua karatasi nyeupe ya kawaida, uiegemeze ukutani mchana upande wenye kivuli. Ukuta "mweupe" utajionyesha kuwa una unjano, uwaridi au ukijani. Kijivu kitaegemea buluu au kahawia. Andika ulichokiona. Ukuta wenye unjano hupatana na kijani cha zeituni, buluu yenye ukijani ndani yake, nyekundu ya udongo na kahawia iliyokoza. Ukuta wa kijivu chenye ubuluu hupatana na buluu ya giza, kijivu cha mkaa, damu ya mzee na njano ya haradali. Ugomvi hutokea pale kijivu baridi kinapowekwa kando ya krimu yenye unjano: kijivu huanza kuonekana buluu, na krimu huonekana chafu.

Nyumba ya matofali mekundu au paa la vigae vyekundu ni jaribio la pekee. Wengi huvutiwa na mlango mwekundu "ili ufanane". Shida ni kwamba nyekundu ya tofali ina uchungwa na ukahawia ndani yake, na nyekundu safi ya kopo ikikaa karibu nayo hufanya tofali lionekane limechakaa. Kijani cha giza kilichopunguzwa makali kwa kijivu, buluu ya bahari kuu au nyeusi laini ni chaguo salama zaidi. Ukitaka nyekundu kwa vyovyote, iwe ya giza kuliko tofali kwa kiasi kinachoonekana, usitafute ya kulingana.

Hesabu pia rangi zilizopo tayari. Paa, ukuta na fremu zikiwa na rangi tatu tofauti, mlango uchukue mojawapo kwa giza zaidi au kwa mwanga zaidi. Nyumba yenye rangi mbili tu inaweza kubeba mlango wa rangi ya tatu, tena iliyokolea.

Kitasa na bawaba nazo zina sauti. Shaba ya njano hupendeza juu ya kijani cha giza, buluu ya giza, nyeusi na damu ya mzee. Chuma cheupe kisichoshika kutu hukaa vizuri na kijivu, buluu na nyeusi. Kitasa cheusi juu ya mlango mweusi kinapendeza mchana, lakini usiku mtu hupapasa kukitafuta.

Mwanga unaoufikia mlango

Mlango unaotazama mashariki hupata jua la asubuhi, kisha hubaki kivulini. Unaotazama magharibi hupata jua la alasiri, wakati ambapo mlango na hewa vimeshapata moto. Huo ndio unaoteseka zaidi. Kaskazini mwa ikweta, mbali nayo, mlango unaotazama kaskazini hupata jua kidogo sana. Kusini, mbali na ikweta, ni unaotazama kusini.

Kivulini, mwanga unaofika mlangoni hutoka mbinguni, na una ubuluu. Kijivu kitakuwa buluu kidogo, kijani kitapoa, nyekundu ya giza itaelekea zambarau. Ndiyo maana mlango ulio ndani ya baraza refu unahitaji rangi yenye mwanga zaidi au iliyokolea zaidi kuliko unavyodhani. Buluu ya giza ndani ya baraza lenye kivuli haitambuliki tofauti na nyeusi. Kwenye jua kali mambo hugeuka: rangi hupungua nguvu na kuonekana nyepesi kuliko kwenye kadi. Hapo chukua hatua moja ya giza zaidi kwenye safu ileile ya kadi, na kwa njano na kijani chukua iliyopoa kidogo, la sivyo zitapiga kelele.

Ardhi nayo hurudisha mwanga. Majani mengi mbele ya nyumba hutia ukijani kwenye sehemu ya chini ya mlango mweupe, na udongo mwekundu hutia uwaridi.

Giza la rangi na joto

Nyuma ya kadi nyingi za rangi kuna herufi LRV na namba kati ya 0 na 100. Hicho ni kiwango cha kuakisi mwanga: karibu na 0 ni nyeusi, karibu na 100 ni nyeupe. Ni namba yenye faida kuliko jina zuri lililoandikwa juu yake. Chini ya 10 ni giza kabisa. 10 hadi 30 ni giza la kawaida la buluu, kijani na nyekundu nyingi za milango. Kuanzia 60 kwenda juu ni rangi nyepesi.

Itumie mara mbili. Kwanza, linganisha mlango na ukuta. Miongozo ya Uingereza ya majengo yanayofikika na watu wenye ulemavu hupendekeza tofauti ya pointi 30 kati ya mlango na ukuta ili mwenye uoni hafifu aweze kuutambua. Ni kipimo kizuri kwa nyumba yoyote: chini ya hapo, mlango na ukuta huanza kushikana ukiviangalia kwa mbali.

Pili, pima joto. Mlango wa giza ulioelekea jua la alasiri huweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi usoni, hasa kama mbele yake kuna mlango wa pili wa kioo unaofungia joto. Kinachofuata hutegemea mlango umetengenezwa kwa nini:

- Mbao: mbao hutanuka na kusinyaa, viungo vya paneli hufunguka, rangi hupasuka kwenye mistari ya viungo. Vifundo vya msonobari hutoa utomvu unaotokeza kama vipele vya kahawia.
- Plastiki ya PVC: hulegea inapokaribia nyuzi 80, na hupinda kabla ya hapo ikiwa nyembamba. Usishuke chini ya LRV iliyoruhusiwa na mtengenezaji.
- Chuma: hakipindi kirahisi, ila hutanuka na kukwama kwenye fremu mchana, na mkono wa kitasa unaweza kuunguza.
- Faibaglasi: huvumilia kuliko PVC, lakini ngozi yake inaweza kuachana na kiini cha ndani.

Kama mlango wako unapigwa na jua kwa zaidi ya saa nne na ni wa mbao za paneli, ni busara kubaki juu ya LRV 20. Ukitaka giza hata hivyo, kubali kwamba viungo vitahitaji kuzibwa na kupakwa upya mapema zaidi.

Rangi zipi hupauka, na kwa nini

Hapa kadi haikuambii lolote, na ndipo pesa nyingi hupotelea. Rangi ya kopo hupata sura yake kutokana na chembe za unga uliosagwa. Chembe zitokanazo na madini, kama oksidi za chuma zinazotoa nyekundu ya udongo, njano ya udongo na kahawia, hukaa juani miaka mingi bila kubadilika. Nyeusi ya masizi ya kaboni ni imara vilevile, na kijani cha oksidi ya kromi pia. Buluu na kijani zitokanazo na chembe za fthalosianini ni miongoni mwa zile za kutengenezwa zinazodumu vizuri.

Zinazotia wasiwasi ni nyekundu ang'avu, chungwa, waridi, zambarau na njano ya limau. Nyingi hutegemea chembe za kikaboni ambazo miale ya urujuanimno huzivunja. Nyekundu huelekea waridi, na zambarau huweza kupoteza wekundu wake ikabaki buluu chafu. Rangi zilizochanganywa nyepesi kutoka kwa chembe hizo hupauka haraka zaidi, kwa sababu chembe zenyewe ni chache.

Kwa hiyo muulize muuzaji swali moja mahususi: rangi hii imechanganywa kwa chembe za kufaa nje, au ni mchanganyiko wa ndani? Mashine nyingi za kuchanganyia zinaweza kutoa sura ileile kwa fomula mbili. Ukiambiwa hakuna fomula ya nje kwa rangi hiyo, sogea kuelekea toleo lake la udongo: nyekundu ya tofali badala ya nyekundu ya waridi, haradali badala ya limau. Kwenye mlango usiopata jua kabisa unaweza kupuuza sehemu hii yote.

Kung'aa kiasi gani

Rangi ileile ikiwa na mng'ao mkubwa huonekana ya giza na iliyokolea zaidi ukiitazama pasipo na mwako, na hupoteza sura mahali inapoakisi mbingu. Mng'ao mkubwa husafishika kirahisi lakini hufichua kila shimo na kila mstari wa brashi. Rangi isiyong'aa hushika uchafu karibu na kitasa, na ukiifuta inabaki na mabaka. Nusu mng'ao, au satini, ndiyo inayofaa milango mingi. Mng'ao kamili uache kwa mlango ulionyooka, uliopigwa puti na msasa kwa uvumilivu.

Rangi ya mafuta hutulia na kuficha mistari ya brashi, ila nyeupe yake hugeuka njano, hasa mahali penye giza, na juani huwa ngumu na kupasuka. Rangi ya maji ya akriliki hubaki na unyumbufu na hushikilia sura yake vizuri zaidi nje. Kwa mlango wa mbele, akriliki ya mbao na chuma ya kutumika nje ndiyo chaguo la kwanza.

Kujaribu kabla ya kununua kopo kubwa

Kadi yenye ukubwa wa kiganja hudanganya. Rangi iliyosambaa kwenye eneo kubwa huonekana imekolea zaidi kuliko kipande kidogo, na mpaka mweupe wa kadi huifanya ionekane ya giza kuliko ilivyo.

Chagua rangi tatu, zisizidi hapo. Nunua kopo dogo la sampuli la kila moja. Tafuta vipande vitatu vya plaiwudi nyembamba au boksi gumu, sentimita 60 kwa 40, uvipige praima nyeupe (rangi ya kwanza ya kushikisha), kisha mikono miwili, yaani matabaka mawili, ya rangi hadi ukingoni bila kuacha mpaka mweupe. Usipake moja kwa moja mlangoni: rangi ya zamani iliyo pembeni itaharibu hukumu yako, na kingo za sampuli zitaonekana chini ya rangi ya mwisho. Subiri saa 24. Rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyeupe-nyeupe, ikikauka huingia giza.

Kisha bandika kipande kimoja kimoja mlangoni usawa wa macho. Vikikaa vitatu pamoja utachagua kinachowashinda wenzake, na hicho si lazima ndicho kinachopatana na nyumba. Kiangalie asubuhi, adhuhuri, jioni, na usiku taa ya nje ikiwa inawaka. Kila mara kwa umbali wa mita moja na kutoka getini. Mara ya usiku isirukwe. Balbu ya manjano ya Kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga) huua buluu na kuamsha nyekundu. Balbu nyeupe ya 6500 hufanya kinyume. Kama rangi inapendeza mchana na kuchukiza usiku, ni rahisi kubadilisha balbu kuliko rangi.

Fungua mlango pia utazame kipande kutoka ndani, kwa sababu ukingo wa mlango utaonekana kwenye chumba. Desturi ya mafundi kwa mlango unaofunguka kuelekea ndani ni hii: ukingo wenye kitasa huchukua rangi ya ndani, ukingo wenye bawaba huchukua rangi ya nje. Fremu, kwa kawaida, hufuata fremu za madirisha. Kuipaka fremu rangi ya mlango hufanya mlango uonekane mkubwa, jambo linalosaidia kwenye mlango mwembamba.

Kiasi cha kununua

Mlango wa mita 2.1 kwa 0.9 una takriban mita 1.9 za mraba kila upande. Ukiongeza kingo na mabonde ya paneli fika 2.3. Lita moja hufunika mita 10 hadi 12 za mraba kwa mkono mmoja. Upande wa nje kwa mikono miwili unahitaji karibu nusu lita, kwa hiyo lita moja inatosha pande zote mbili, au upande mmoja kwa mikono minne.

Mikono minne si utani kwa nyekundu na njano zilizokolea. Hizi huchanganywa kwenye rangi-msingi (rangi ya kopo kabla ya kutiwa chembe) isiyo na unga mweupe wa titani, na unga huo ndio unaofunika. Dawa yake ni praima: kijivu cha kati chini ya nyekundu, nyeupe au njano ya udongo iliyofifia chini ya njano. Ukifanya hivyo, mikono miwili au mitatu hutosha. Ukilazimika kununua makopo mawili, yachanganye pamoja kwenye ndoo moja kabla ya kuanza, maana makopo mawili ya fomula moja yanaweza kupishana kidogo.

Kuandaa na kupiga rangi

Kwenye nyumba ya zamani, chukulia kwamba rangi ya chini inaweza kuwa na risasi, yaani madini yenye sumu. Marekani iliipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na nchi nyingi zilichelewa zaidi. Ipime kwa kifaa cha kupimia risasi kabla ya kuigusa. Ikiwa ipo, usipige msasa mkavu wala usitumie moto.

Jua pia rangi iliyopo ni ya aina gani. Sugua mahali pasipoonekana kwa kitambaa chenye spiriti: ikilainika na kutoka, ni ya maji, isipotoka, ni ya mafuta. Akriliki juu ya mafuta yanayong'aa, bila msasa na bila praima ya kushikisha, hubanduka kama ngozi.

1. Anza asubuhi, mlango usipopigwa na jua, joto likiwa kati ya nyuzi 10 na 30. Toa kitasa, kengele na namba. Kuviziba kwa utepe huacha ukingo mbaya.
2. Osha kwa maji na sabuni ya kuondoa mafuta, hasa kuzunguka kitasa. Suuza, acha ikauke.
3. Piga msasa namba 120, ziba mashimo kwa puti ya nje, malizia na namba 180, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Vifundo vya mbao vipakwe praima ya shelaki, inayozuia utomvu.
4. Praima kwenye sehemu zilizobaki tupu, au mlango mzima kama unabadilisha rangi sana. Usisahau ukingo wa juu na wa chini wa mlango wa mbao. Maji huingilia hapo.
5. Kwenye mlango wa paneli, anza na mabonde na paneli zenyewe, kisha kipande cha wima cha katikati, vipande vya mlalo, vipande vya wima vya pembeni, na mwisho kingo. Mlango bapa upige kwa rola ndogo ya sponji, kisha pitisha brashi kwa wepesi kutoka juu hadi chini.
6. Acha muda ulioandikwa kwenye kopo. Akriliki nyingi huhitaji saa 4 hadi 6, za mafuta saa 16 hadi 24. Msasa mwepesi namba 240, kisha mkono wa pili.

Yanayoharibika

Mlango kugandamana na mpira wa fremu usiku wa kwanza ni lalamiko la kawaida. Rangi za giza za maji huchelewa kukomaa kwa sababu zimebeba dawa nyingi ya kuchanganyia. Zinaweza kuwa kavu mkononi lakini laini ndani kwa wiki kadhaa. Usipake rangi mpira wenyewe, na pitisha unga wa talkamu kwenye mpira kabla ya kufunga.

Malengelenge baada ya siku chache yana maana mbili. Ukikata moja ukaona mbao tupu, kulikuwa na unyevu ndani. Ukiona rangi ya zamani, mkono ulipigwa juani, uso ukakauka kabla ya ndani. Rangi iliyochuruzika kwenye pembe za paneli ni ya wingi: rudi na brashi isiyo na rangi dakika chache baada ya kupaka, kisha usiiguse tena. Michuruziko iliyokwisha kukauka hukatwa kwa wembe na msasa, haifunikwi kwa rangi zaidi.

Bandika karatasi yenye jina la rangi, namba ya fomula, aina ya rangi-msingi, mng'ao na tarehe ndani ya kabati lililo karibu na mlango, na uhifadhi mabaki kwenye chupa ndogo ya kioo iliyojaa hadi juu ili hewa isiyakaushe. Mkwaruzo ukitokea baada ya mwaka, doa jipya litaonekana hata kwa rangi ileile, kwa kuwa iliyo mlangoni imeshapauka. Paka paneli nzima au kipande kizima hadi kwenye kiungo, na mstari wa kiungo utaficha tofauti.